Manyatta ya Wajir

Msafiri atokaye Garissa, mji ulioko kando ya mto Tana, akashika njia ya kaskazini, hupita katika nchi kavu ya miiba na mchanga kwa zaidi ya kilomita 300 kabla hajafika Wajir, mji wa visima. Wenyeji wengi wa huko ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe. Mvua ikinyesha upande fulani, watu na wanyama huelekea upande huo. Malisho yakiisha, nyumba za fito na mikeka hufungwa juu ya ngamia, na safari huanza tena. Msomaji na alishike jambo hilo, kwani ndilo kiini cha habari hii.

Maradhi ya kifua kikuu yaliwasumbua mno watu hao. Robert Koch, Mjerumani, alikitambua kijidudu cha maradhi hayo katika mwaka wa 1882, lakini streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu ya kukishinda, haikupatikana mpaka mwaka wa 1943. Hata dawa nyingine zilipoongezwa, tiba ilidumu mwaka mmoja na nusu, na pengine zaidi. Mfikirie basi mfugaji aliyelazwa hospitali. Baada ya majuma machache kikohozi kimepungua, nguvu zimerudi, na habari imekuja kwamba mvua imenyesha. Ni nani atakayemtunzia ngamia wake? Akaondoka, na katika madaftari ya hospitali akaandikwa mtoro.

Neno hilo naliona zito, ingawa mimi mwenyewe, kwa kazi yangu ya ualimu, nimeliandika mara nyingi katika daftari la mahudhurio. Huweka kosa lote juu ya aliyeondoka, wala haliulizi kama mahali alipotakiwa akae palimfaa. Na hasara haikuwa ya mgonjwa peke yake. Vijidudu visivyouawa vyote huweza kuwa sugu kwa dawa, kisha mgonjwa akawaambukiza jamaa zake maradhi yaliyo magumu kutibika kuliko yale ya kwanza. Hivyo tiba iliyokatizwa iliweza kuleta madhara mapya.

Mambo mawili yalibadili hali hiyo. La kwanza ni utafiti. Madaktari wa Afrika ya Mashariki, wakishirikiana na Waingereza, walijaribu kuchanganya dawa za zamani na dawa mpya iitwayo rifampisini, na katika mwaka wa 1972 walitangaza kwamba tiba ya miezi sita yatosha.

La pili lilitoka kwa mwanamke mmoja ambaye hakuwa daktari. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, katika mwaka wa 1943, akasomea sheria. Alikuja Kenya mwaka wa 1969 akawa mwalimu, na mwaka wa 1976 akakabidhiwa huko Wajir mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji wahamaji kifua kikuu. Yeye hakuanza kwa kuuliza wagonjwa watazuiwaje wasitoroke. Aliwakaribisha wajenge vibanda vyao wenyewe, kama walivyozoea, karibu na mahali pa tiba. Makao hayo yakaitwa manyatta. Mgonjwa alilala katika nyumba aijuaye, akasali na kuongea na watu wa lugha yake. Naye kwa upande wake alitoa ahadi ya kukaa hadi tiba iishe, na kila dawa aliimeza mbele ya macho ya mhudumu.

Sharti hilo la mwisho lilikuwa kali, na watu wasidhani kwamba huruma peke yake ilitosha. Dawa iliyotolewa si dawa iliyomezwa. Ilibidi mtu aone. Wala kuangalia hakukuanzia Wajir, kwa maana huko Madras, India, madaktari walikuwa wamekwisha kulisisitiza jambo hilo. Upya wa Wajir ulikuwa katika kuuunganisha ukali huo na maisha ya mhamaji.

Mwezi wa Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57; wenyeji hutaja idadi kubwa kupita hiyo mara nyingi. Tonelli alikwenda kuwatafuta waliosalia na kuwazika waliokufa, na mwaka uliofuata ikambidi aondoke Kenya. Aliendelea na kazi ile ile nchini Somalia.

Katika miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani lilieneza katika nchi nyingi utaratibu wa tiba fupi ya kifua kikuu inayomezwa mbele ya mwangalizi. Tonelli alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa katika mwaka wa 2003. Tarehe 5 Oktoba ya mwaka huo huo alipigwa risasi akafa huko Borama, katika hospitali aliyokuwa akiwatibia wagonjwa wa kifua kikuu.