Ufunguo wa Daraja la Kwanza

Karani wa meli hakuinua macho. "Daraja la kwanza limejaa," alisema. "Ila subirini tung'oe nanga. Wapo wanaokata tiketi halafu wanalala Kigoma."

Ilikuwa Jumatano ya Desemba 2013, saa kumi jioni, gatini Kigoma. Nilikuwa namsindikiza bibi yangu wa Ujiji kwenda Kipili kwenye arobaini ya dada yake. MV Liemba ilikuwa ikiteremka kusini mara moja kila wiki mbili, kwa hiyo arobaini yenyewe ilikuwa imesogezwa ili tuiwahi. Tiketi zetu zilikuwa za daraja la tatu: benchi za chini, karibu na mashine, kati ya magunia na matenga. Bibi alishatandika kanga yake na kumjua jina mama wa pembeni. Aliyehangaika nilikuwa mimi. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu asubuhi, na safari ilikuwa ya usiku mzima na mchana wa kesho yake.

Kwa sisi watoto wa walimu, kupanda daraja ni barua ambayo mzazi huisubiri miaka na miaka. Melini ni jambo la dakika tano. Tulipoiacha Ujiji upande wa kushoto karani aliniita, nikalipa tofauti ya nauli, akaniandikia risiti na kunipa ufunguo. Kabini ilikuwa ya juu, na ndani yake mlikuwa na vitanda viwili, sinki dogo na dirisha linalotazama maji. Majirani zetu walikuwa watalii, ambao nauli yao ilihesabiwa kwa dola.

Bibi alisimama mlangoni, asiingie.

"Humu ndimo walimokuwa wakikaa Wazungu," akasema.

Nilidhani anasema kwa mafumbo, kumbe anasimulia tu. Alipanda meli hii mara ya kwanza akiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kutoka Kipili kuja Kigoma, akilala sitahani juu ya gunia pamoja na mama yake. Siku zile ilikuwa meli ya mvuke, na alichokikumbuka zaidi ni moshi. Huko juu aliona milango imefungwa na Wazungu wakitoka na kuingia. "Sikujua kwamba nao wanasafiri," alisema. "Nilidhani ndiyo nyumba yao, na inatembea."

Mtoto yule hakukosea sana. Katika reli na meli za ukoloni daraja lilifuata rangi: la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Wakati bibi analala juu ya gunia, mwenye meli alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, na nauli peke yake ilitosha kumweka kila mtu mahali pake. Hakukuwa na haja ya kumfukuza mtoto wa Kipili huko juu. Hakuna aliyekuwa amempa sababu ya kupanda ngazi.

Na kabla ya hapo meli yenyewe haikuwa na habari na mtoto yeyote wa ziwa hili. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa koloni. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli iliyokuwa imefika ziwani mapema mwaka 1914. Watu watatu kutoka Papenburg walitumwa kusimamia kuiunga upya. Iliposhushwa majini Februari 1915 vita vilikuwa vimeshaanza, kwa hiyo badala ya abiria wa kabini ilibeba askari, na mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji.

Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuiacha Kigoma. Mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, wakaizamisha meli wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Naipenda grisi hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Anayepaka grisi kitu anachokizamisha anatumaini kurudi. Waliokuja kuifaidi ni Waingereza: waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 wakairudisha kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 alipolifikia ziwa hili kwa upande wa kusini.

Karakana ya Meyer bado ipo. Leo inaunda meli za starehe, nyingine zikiwa na vyumba zaidi ya elfu mbili, zinazozunguka bahari za watu wenye likizo. Kwenye meli kama hizo kupanda daraja kumekuwa mchezo: abiria aliyelipia chumba kisicho na dirisha hutaja kwa simu kiasi anachoweza kuongeza, na kampuni ikishakilinganisha na viasi vya wenzake humjibu kama amepata chumba chenye roshani. Nilipolisoma hilo baadaye nilimkumbuka karani wetu na kitabu chake cha risiti. Kazi ni ileile, ila yeye alikuwa na kalamu.

Kuna safari ambazo Liemba imefanya bila daraja lolote kuwa na maana. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 wa ng'ambo ile ya ziwa. Na mwaka mmoja na nusu tu baada ya safari yetu, Mei 2015, maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikawaingia. Hakukuwa na gati Kagunga. Watu walipelekwa kwa maboti hadi ilipotia nanga Liemba, iliyokuwa na nafasi ya abiria 600, ikawaleta Kigoma, wakapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika na kutoka hapo kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa Kigoma wiki hizo. Kila nilipoiona inaingia bandarini niliitafuta kwa macho ile kabini yetu, nikashindwa kuijua kwa jinsi vichwa vilivyojaa sitaha ya juu.

Lakini usiku ule wa 2013 bibi aliingia hatimaye, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza nimelipa kiasi gani. Nilipomtajia alinyamaza. Kisha akasema kwa pesa hiyo tungenunua mchele wa arobaini na mbuzi angebaki na wenzake. Nilijitayarisha kubishana naye. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, juu ya mama yake na lile gunia. Sikupata nafasi ya kuitoa, kwa maana alijinyoosha, akajifunika kanga, na muda si mrefu akawa anakoroma.

Alilala hata tulipofika Lagosa usiku wa manane, honi ikilia na maboti yakigonga ubavu wa meli. Nilikaa macho mimi, mwenye miguu mizima, nikisikiliza chini watu wakipokezana watoto na magunia gizani.

Kipili tulifika usiku wa pili, tumechelewa. Huko nako hakukuwa na gati. Watalii na sisi na waliokuwa chini tuliteremka wote kwenye mlango mmoja wa ubavuni, karibu na mashine, uliofunguka juu ya maboti yanayoyumba. Bibi alimwona yule mama wa benchi, wakasalimiana kama watu waliopotezana mwaka mzima. Kijana mmoja alimshika mkono, mwingine akamdaka kiunoni, akatua botini juu ya gunia la chumvi.

Nami nilipotua pembeni yake alinivuta sikio karibu ili yule mama asisikie.

"Na kurudi je," akauliza, "umelipia kulekule?"