Nani Alete Ushahidi? Funzo la Miaka ya Ebola

Masomo ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 18:20-39; Yohana 20:24-29; 1 Petro 3:15



Vijana wetu wa Butembo na Beni wanarudi nyumbani na maneno ambayo wazee hawakuyazoea. Mmoja anasema: "Mungu hayuko." Mwingine anasema: "Sijui kama yuko, na hakuna mtu anayeweza kujua." Wote wawili wanatuambia: "Ninyi mnaosema yuko, ninyi ndio mlete ushahidi." Wengi wetu tunawajibu kwa hasira. Afadhali tulipime swali lenyewe: ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha?

Swali hili ni la siku nyingi. Mwaka wa 1869 Thomas Huxley, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alimtungia jina mtu anayesema "sijui": agnostiki. Mwaka wa 1952 mwenzake wa nchi ile ile, Bertrand Russell, alitoa mfano. Mtu akidai kwamba birika dogo la chai linazunguka jua, dogo hata darubini haiwezi kuliona, si kazi ya wengine kuthibitisha kwamba halipo. Ni kazi ya aliyedai. Tukubali kwamba neno hili lina haki ndani yake. Hata Torati haimhukumu mtu kwa dai tupu. Inataka mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15).

Lakini hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza jambo hili. Limepita hapa kwetu, na lilitugharimu sana.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina, karibu na Beni. Mwezi wa Septemba watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Hao walikuwa jirani zetu, na wengine walikuwa wakiketi pamoja nasi kanisani.

Tusiwaite wajinga. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa, na wengi waliona kwamba hakuna aliyekuja kuwaokoa. Sasa ghafula magari yalijaa barabarani, na fedha, na walinzi wenye bunduki. Watu wakauliza: "Mbona hamkuja tulipouawa kwa mapanga?" Halafu tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Rais mpya aliapishwa Januari 2019. Sisi tukapiga kura Machi. Mambo hayo hayakuthibitisha kwamba ugonjwa haupo. Lakini yanaonyesha kwa nini neno la wale waliosema "upo" halikupokelewa.

Hapa kuna funzo la kwanza. Anayesema "ipo" anao mzigo, na haubebi kwa kelele wala kwa bunduki. Watu hawatazami maneno yake tu. Wanatazama kama aliwapenda kabla ya siku ile.

Funzo la pili. Mtu aliyesema "sijaona ushahidi" alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini wengine walivuka hapo. Walisema: "Haipo, ni mpango wa kutumaliza, ni biashara." Hilo nalo ni dai, na dai hilo pia lilihitaji mashahidi. Anayesema "sijaona" na anayesema "najua hakuna" hawako mahali pamoja. Huyu wa pili naye amejitwika mzigo. Eliya juu ya Karmeli alilielewa jambo hili: hakuwaambia manabii wa Baali walete ushahidi huku yeye akikaa bure. Pande zote mbili zilijenga madhabahu.

Funzo la tatu linamhusu anayesema "sijui". Ni neno la uaminifu, na afadhali kulisema kuliko kujidai. Lakini siku ya msiba kinywa kiliweza kusema "sijui", mikono haikuweza. Ama uliuosha mwili wa marehemu kama desturi, ama uliwaachia wazishi wenye mavazi ya kinga. Hapakuwa na njia ya katikati. Vivyo hivyo mtu anaweza kusema hajui kama Mungu yuko, lakini kila asubuhi anaishi kana kwamba yuko au kana kwamba hayuko.

Je, ni nini kilichobadilisha mioyo ya wengi? Si matusi. Katika Beni, wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki inayopenyeza macho, ndugu zao wakawaona wakitunzwa. Waliopona walirudi kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtu aliyekuwa amehesabiwa kufa alisimama mbele ya jirani zake, akasema: "Niliugua, tazameni, niko mzima." Zaidi ya watu 300,000 walikubali chanjo. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Wagonjwa walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Katikati ya hayo, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha walimwua hapa Butembo Daktari Richard Mouzoko, ndugu yetu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia.

Wapendwa, hatusemi kwamba asiyemwamini Mungu ni sawa na aliyekana Ebola. Virusi hupimwa kwa mashine. Mungu hapimwi katika maabara, na kijana akituambia hivyo amesema kweli. Lakini mzigo wa shahidi ni ule ule. Bwana hakumfukuza Tomaso alipotaka kuona, alimwonyesha majeraha. Na Petro anatuagiza tuwe tayari kujibu, tena kwa upole na heshima.

Hapa kwetu kutokuamini hakuletwi na vitabu tu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste la Kasindi siku ya ubatizo, na waamini wakafa. Kijana aliyezika ndugu yake anapouliza Mungu yuko wapi, hatafuti ubishi. Analia. Ukimjibu kwa mstari mmoja na kumwita mpotevu, umekuwa kama yule aliyefika na gari lenye walinzi.

Basi mzigo wetu tuubebe. Tusitangaze uponyaji ambao hatujauhakikisha, kwa maana ushuhuda mmoja wa uongo huvunja kumi ya kweli. Tukae na waliofiwa. Tuwape wakimbizi wa Beni mahali pa kulala. Na kijana akiuliza, tumpe kiti, tusikie mpaka mwisho, ndipo tujibu.

Tuombe: Bwana, utufanye mashahidi ambao jirani anaweza kuwaamini. Amina.