Gamay, Zabibu Iliyopigwa Marufuku na Duki

Julai 1395, Philip Jasiri, duki wa Burgundy, aliamuru mizabibu yote ya aina ya Gamay ing'olewe katika himaya yake. Kosa la mmea huo lilikuwa kuzaa mno. Wakulima waliupenda kwa kuwa uliiva mapema na kujaza mapipa, wakati zabibu ya Pinot Noir ilidekezwa kutwa na kulipa kidogo. Duki, ambaye mvinyo ulikuwa fahari na biashara yake pia, aliona jina la Burgundy likichafuka. Amri haikutiiwa na wote: miongo sita baadaye, mjukuu wake Philip Mwema alilazimika kuirudia.

Gamay ikapata makao kusini, kwenye vilima vya Beaujolais kati ya Mâcon na Lyon. Huko, hasa upande wa kaskazini, ardhi ni ya mawe ya matale, haina rutuba nyingi, na unyonge huo wa udongo ndio unaoipunguzia Gamay pupa ya kuzaa. Mvinyo wake ulikuwa mwekundu, mwepesi, usiokwaruza ulimi. Watu wa Lyon wakaufanya kinywaji chao cha kila siku, na hadi leo migahawa ya mji huo huuleta mezani katika chupa ya kitako kinene yenye ujazo wa sentilita 46.

Kisha ikaja haraka.

Novemba 1951 serikali ya Ufaransa iliruhusu mvinyo wa msimu huohuo uuzwe kabla ya tarehe ya kawaida, yaani wiki chache tu baada ya mavuno. Ndio Beaujolais Nouveau. Mfanyabiashara Georges Duboeuf, aliyefariki mwaka 2020, aliuvumisha duniani kwa chupa za maua na mbio za kuwa wa kwanza kuufikisha mijini. Tangu 1985 mvinyo huo hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, na Japani imekuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kwa kuuonja, mwingi unanukia ndizi mbivu na peremende; ni wa sherehe, si wa kutafakari. Fedha iliingia, lakini jina Beaujolais likazoeleka kuwa la mzaha.

Waliolikomboa walianzia Morgon, eneo mojawapo la Beaujolais. Jules Chauvet, mkemia na mfanyabiashara wa mvinyo, alifundisha kwamba zabibu safi hujichachusha zenyewe kwa hamira yake ya asili, bila kulundikiwa sukari na salfa. Kuanzia miaka ya 1980 Marcel Lapierre na majirani zake wachache wakaufuata ushauri huo, na mvinyo wao ukawafikia wanywaji wa Paris, kisha New York.

Sifa imerudi, ila bei bado inaburuta mguu: chupa nzuri ya Morgon mara nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Burgundy ya kijiji maarufu, mwendo mfupi tu kaskazini. Mnunuzi asitafute neno Beaujolais kwa herufi kubwa. Maeneo kumi bora huandika majina yao wenyewe, yakiwemo Fleurie, Chiroubles, Juliénas na Régnié, lililoongezwa mwaka 1988. Fleurie ni laini na hunywewa mapema. Moulin-à-Vent, iliyo ngumu zaidi, huweza kukaa hata miaka kumi. Zote hupendeza zikipozwa kidogo kwenye friji, hasa kwa nyama ya kuku.