Safu ya Lugha: Kufufuka si kuzinduka
Mtu akizirai kwa jua sokoni Nkololo, akamwagiwa maji na kufumbua macho, utasikia: “Amefufuka!” Hapana, jamani, amezinduka. Aliyelala huamka, aliyezirai huzinduka, aliyekufa ndiye hufufuka. Kinu cha pamba kilichofungwa Bariadi nacho hufufuliwa, kwani kilishakufa.

Wengine huita Pasaka “siku ya kiyama”. Kiyama, neno la Kiarabu lenye asili ya kusimama, ni siku ya wafu wote kusimama kuhukumiwa. Pasaka ni ufufuko wa Kristo. Nao si kama wa Lazaro wa Injili: yeye alifufuliwa, bado kifo kikimngoja; Kristo, Wakristo huamini, alifufukia uzima mpya, hafi tena. Kwa Mtume Paulo, katika Warumi 6, mbatizwa huuanza uzima huo mpya leo, kwa kuipa dhambi kisogo.