Mwalimu Kiziwi Aliyeambiwa Afrika Haina Viziwi

(Muziki wa kipindi. Sauti inashuka.)

Kipindi cha leo kina jambo la kuchekesha kidogo: kinahusu viziwi, na kinapita redioni. Ndiyo maana maneno yake yote yamechapishwa kwenye karatasi hii. Ukishaisoma, tafadhali usifungie maandazi. Mpelekee jirani mwenye kijana asiyesikia. Kama kijana anajua kusoma, aisome mwenyewe. Kama hajui, basi habari hii inamhusu zaidi.

Twende Marekani, jimbo la Alabama, mwaka 1936. Mvulana wa miaka 11, Andrew Foster, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, anaugua homa ya uti wa mgongo pamoja na mdogo wake. Wanapona wote wawili, lakini hawasikii tena. Wengi wenu mnaufahamu ugonjwa huo. Mtoto anaamka kitandani, mnamshukuru Mungu, na baada ya siku chache mnagundua kwamba ukimwita kwa nyuma hageuki.

Foster alikuwa na mizigo miwili: hasikii, na ni mweusi. Alabama ya wakati ule ilitenga watu kwa rangi, na viziwi hawakusalimika. Weupe walikuwa na shule yao, weusi yao, mjini Talladega, na elimu ya kiziwi mweusi pale iliishia darasa la sita. Akiwa na miaka 17 alihamia jimbo la Michigan kwa shangazi yake, akafanya kazi viwandani na kusoma kwa njia ya posta hadi akapata cheti cha sekondari. Mjini Washington kulikuwa na chuo cha viziwi, Gallaudet, kilichoanza mwaka 1864. Aliomba nafasi akakataliwa, akaomba tena akakataliwa tena, kwa sababu ya rangi yake. Walimpokea mwaka 1951. Alihitimu mwaka 1954, na anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho.

Angeweza kubaki kwao na shahada yake. Badala yake alianzisha shirika la misheni kwa ajili ya viziwi wa Afrika, na mwaka 1957 akafika Accra, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru. Simulizi za maisha yake zinasema wamisionari walikuwa wamemwambia kwamba Afrika haina watoto viziwi.

Msikilizaji, tulia hapo kidogo. Waliosema hivyo huenda hawakukusudia kudanganya. Kama mtoto hafiki shuleni, haendi kanisani wala msikitini, na wageni wakija anaingizwa chumba cha ndani, mgeni atasema nini? Watoto walikuwepo, ila hakuna aliyewahesabu. Na ukitembea leo kwenye bloku yako ukauliza ni nyumba ngapi zina mtoto asiyesikia au asiyeona, jibu la kwanza utakalopewa ni lilelile la Accra: hapa hakuna.

Foster alianza na chumba cha kuazima. Watoto wanaosikia walipotoka darasani, ndipo wanafunzi wake walipoingia. Baadaye shule ilihamia Mampong-Akuapem. Mwaka 1960 akafungua nyingine Ibadan, Nigeria, na hakusimama tena. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, zikiwemo Zaire ya wakati ule, ambayo ndiyo Kongo ya leo, na Burundi.

Namna alivyofundisha ina historia yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, na karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Waliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusoma midomo na kujifunza kutamka, na alama za mikono ziachwe. Uamuzi huo ulitawala madarasa kwa miaka mingi sana. Hata Kenya, shule za viziwi zilizofunguliwa karibu na wakati wa uhuru zilifundisha kwa midomo, na lugha ya alama iliingia madarasani rasmi katika miaka ya 1980. Kwa maoni yangu, hasara ya Milan haiwezi kupimwa. Mtoto anakaa miaka kadhaa akiutazama mdomo wa mwalimu, anatoka na maneno machache, kisha anaambiwa hana akili.

Foster, kiziwi mwenyewe, alifundisha kwa mikono, maandishi na picha, na kwa sauti pale ilipofaa. Lakini tuseme yote. Alama alizofundisha zilitoka Marekani. Ghana kuna kijiji kiitwacho Adamorobe, chenye viziwi wengi kwa kurithi, ambacho kina lugha yake ya alama ya zamani sana. Watoto wa kijiji hicho walipoanza kwenda shule za bweni walirudi na alama za shuleni, na ile ya wazee ikaanza kufifia. Wengine wanamlaumu Foster kwa hilo. Nadhani lawama hiyo ina ukweli, ingawa sijui kama mtoto aliyekuwa hana lugha yoyote nje ya ishara za mama yake angekubaliana nayo.

Jambo lililodumu zaidi ni mafunzo ya walimu. Pale Ibadan, Foster aliwakusanya vijana viziwi kutoka nchi nyingi, zikiwemo zinazotumia Kifaransa, akawafundisha ualimu, nao wakarudi kwao kufungua madarasa. Ndiyo sababu alama zinazotumika katika shule nyingi za viziwi za Kongo na Burundi zina asili moja. Kijana kiziwi wa Kinshasa na wa Bujumbura wakikutana kambini, huenda wakaanza kuelewana kabla wazazi wao hawajajua wasalimiane kwa lugha gani.

Tarehe 3 Desemba 1987 Foster alikuwa safarini kutoka Rwanda kwenda Kenya. Ndege ndogo aliyopanda ilianguka karibu na Gisenyi, na wote waliokuwemo walikufa. Miaka mitano baadaye, Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe hiyohiyo kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Haikuwa kwa ajili yake. Imetokea tu.

Mwaka 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida impokee kila mtoto, awe mlemavu, wa kabila dogo au wa mtaani. Kwa mtoto kiziwi, hata hivyo, walisema huenda shule au darasa lake maalumu likamfaa zaidi, kwa sababu ya lugha. Wengi wamelisahau hilo. Kumkalisha kiziwi katika darasa lililojaa hadi mlangoni, mwalimu asijue alama hata moja, ni kumwandikisha tu. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unataka waajiriwe walimu wanaojua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe.

Na nchi zinazokuhifadhi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Uganda ilipata mbunge kiziwi, Alex Ndeezi, mwaka 1996, na elimu ya msingi bila ada ilipoanza huko mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Tanzania ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2010. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 nao unasema katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji.

Kwa hiyo mama, baba, shangazi unayelea, siku ya kuhakiki majina usimwache mtoto kwenye turubai. Nenda naye, sema hasikii, na uhakikishe imeandikwa, kwa sababu viti na walimu hupangwa kwa kufuata orodha hiyo. Kisha muulize mwalimu mkuu nani shuleni anajua alama. Akisema hakuna, tafuta kijana kiziwi aliyewahi kusoma kabla ya vita, wa Goma, Uvira au Bujumbura, umpeleke ofisini kwake. Foster alipoanza Accra alikuwa na chumba cha kuazima, na kijana huyo atahitaji hicho tu, saa za jioni, watoto wengine wakishatoka.

(Muziki unapanda.)