Manispaa ya Kitale na Jirani Yake Bungoma: Tarehe ya Mji na Wakazi Wake

Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya. Mji umekaa kwenye uwanda ulioinuka mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon upande wa magharibi na Milima ya Cherangany upande wa mashariki. Elgon ni volkeno ya kale iliyokwisha kuzimika. Kilele chake hufikia mita 4,321 na mpaka wa Kenya na Uganda hupita katika mlima huo. Maji ya milima hii miwili huulisha Mto Nzoia, ambao hukata Trans Nzoia na Bungoma hadi Ziwa Victoria. Udongo una rutuba, mvua ni ya kutegemewa na baridi ya usiku huichelewesha mimea kukomaa. Kwa sababu hiyo mahindi ya Kitale hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba, msimu mmoja mrefu kwa mwaka. Bungoma, iliyo kusini-magharibi na chini zaidi, ni ya joto kiasi na wakulima wake wengi hupata misimu miwili.

Tarehe ya Kitale ni tarehe ya ardhi hiyo: nani aliilisha mifugo, nani aliondolewa juu yake, nani aliilima kwa ajili ya mwingine, na nani hatimaye aliinunua. Kila zamu ya umiliki ilileta watu wapya mjini.

Kabla ya karne ya 20 uwanda huu ulikuwa malisho. Wasabaoti waliishi kwenye miteremko ya Elgon na kushusha ng'ombe tambarare. Wasengwer waliishi upande wa Cherangany kwa uwindaji, ufugaji wa nyuki na kilimo kidogo, na Wapokot walikuwa kaskazini. Wamasai wa Uasin Gishu nao walichunga nyanda hizi hadi vita vya karne ya 19 vilipowasambaratisha. Kusini-magharibi walikaa Wabukusu, wakulima na wafugaji waliojenga vijiji vyenye ngome za udongo kujikinga na uvamizi.

Misafara ya pwani ilifika sehemu hizi katika karne ya 19. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliweka kituo Mumias, makao ya watawala wa Wanga, wakanunua pembe za ndovu na watu. Simulizi za Kitale husema kwamba duara la mawe lililo kwenye uwanja wa klabu ya mji lilikuwa mahali pa kuwafungia watumwa kabla ya safari ya kwenda pwani. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hii na kuyaeleza mapango ya Elgon, ambamo jamii za mlimani ziliishi pamoja na mifugo yao.

Utawala wa Waingereza uliingia kwa nguvu ya bunduki. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Charles Hobley, likisaidiwa na wapiganaji wa Wanga na wengine, liliwashambulia Wabukusu katika ngome ya Lumboka kisha Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Wengi waliuawa na mifugo mingi ilichukuliwa. Kilima cha Chetambe kimebaki katika kumbukumbu za Wabukusu kama mahali walipopoteza uhuru wao.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Trans Nzoia iliingizwa katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Mpango wa makazi ya askari wa mwaka 1919 uligawa mashamba makubwa kwa wanajeshi waliostaafu, na Kitale ikakua kuwa kituo chao cha utawala na biashara. Wasabaoti na Wasengwer walisukumwa kuelekea misituni na vilele vya milima. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932, ilisikiliza malalamiko ya watu wa Elgon kuhusu malisho yaliyochukuliwa, lakini uwanda haukurudishwa mikononi mwao.

Reli ndiyo iliyoufanya mji. Tawi lililotoka Leseru, karibu na Eldoret, lilifika Kitale mwaka 1926, na kutoka hapo mahindi ya walowezi yangeweza kusafirishwa hadi bandari ya Mombasa. Stesheni ilifuatwa na maghala, benki, karakana na maduka. Wahindi walishika biashara ya reja reja na ya jumla: nguo, vyombo vya chuma, nafaka, vipuri. Mji uligawanywa kwa rangi kama miji yote ya walowezi. Wazungu walikaa Milimani kwenye viwanja vipana, Wahindi karibu na maduka yao, na Waafrika katika vitongoji vilivyobanana.

Mashamba yalihitaji mikono. Sheria ya mwaka 1918 iliwaruhusu Waafrika kukaa kwenye shamba la mlowezi, kulima kipande chao na kuchunga mifugo kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Hao ndio waliokuja kuitwa maskwota. Wengi wa maskwota wa Trans Nzoia walitoka upande wa Bungoma, kwa kuwa umbali ulikuwa mfupi na ardhi ya akiba nyumbani ilizidi kubana. Walikuja na wake, watoto na ng'ombe. Baadaye walowezi walipandisha siku za kazi na kupunguza idadi ya mifugo iliyoruhusiwa, na familia nyingi zikapoteza ng'ombe waliokuwa mali yao kuu. Hata hivyo watoto waliozaliwa na kukulia kwenye mashamba hayo waliiona Trans Nzoia kuwa kwao, na hisia hiyo ilikuja kuwa na uzito mkubwa wakati wa uhuru.

Upinzani dhidi ya walowezi ulikuwa na chimbuko lake Kimilili, katika Bungoma ya leo. Elijah Masinde, mchezaji mashuhuri wa kandanda aliyegeuka kuwa kiongozi wa dini, alianzisha Dini ya Msambwa, akahimiza kurudi kwenye ibada za wazee na kudai wageni waondoke. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu kadhaa. Dini hiyo ilipigwa marufuku, Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Mafundisho yake yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka na kuwafikia maskwota wa Trans Nzoia.

Mwishoni mwa 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walipofikishwa mahakamani Kapenguria, umbali wa kilomita 40 hivi kaskazini, Kitale ilikuwa mji wa karibu wenye hoteli. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kwenye kesi.

Jina la Kitale lilijulikana zaidi kupitia mahindi kuliko kitu kingine chochote. Utafiti wa kuzalisha mbegu bora ulianza katika kituo cha kilimo cha Kitale mwaka 1955 chini ya Michael Harrison. Mwaka 1956 wakulima walowezi walianzisha kampuni ya Kenya Seed, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho. Watafiti walilipandisha hindi la Kitale na aina iliyoletwa kutoka nyanda za juu za Ecuador. Matokeo yake, mbegu chotara H611, yalitolewa mwaka 1964 na kuzidi mavuno ya mbegu mama ya Kitale kwa takriban asilimia 40. Kenya Seed iliisambaza kupitia maduka madogo ya vijijini kwa pakiti ambazo mkulima wa ekari moja angeweza kununua. Kwa muda wa miaka kumi hivi karibu wakulima wote wa Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega walikuwa wakipanda chotara. Uzao wa baadaye, hasa H614, uliendelea kupandwa kwa miongo mingi. Uvumbuzi huu uliokoa familia nyingi na njaa, na kwa haki unahesabiwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya kilimo barani Afrika.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa Trans Nzoia itakuwa ya nani. Tume ya Mipaka ya Mikoa ya mwaka 1962 ilipokea madai mawili. Viongozi wa Waluhya, jamii inayojumuisha Wabukusu, akiwemo Masinde Muliro, walitaka Kitale iingie Mkoa wa Magharibi, nao viongozi wa Wakalenjin, jamii inayojumuisha Wasabaoti, walitaka ibaki Bonde la Ufa. Trans Nzoia ilibaki Bonde la Ufa, ilhali Bungoma ikawa Magharibi. Bungoma yenyewe ilikuwa makao ya wilaya ya Elgon Nyanza, iliyomegwa kutoka Nyanza ya Kaskazini mwaka 1956. Mpaka huo wa kiutawala haukuwazuia watu kuvuka.

Mashamba ya walowezi yalipoanza kuuzwa, yalifuata njia tatu. Mengine yaligawanywa katika skimu za makazi kwa mikopo ya serikali. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi waliochangishana fedha, kisha yakakatwa vipande kwa wanachama. Mengine yalibaki mazima mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, ambalo hadi leo lina mashamba makubwa ya mbegu na mifugo katika kaunti hii. Wabukusu wa Bungoma walinunua kwa wingi, na pamoja nao Wateso, Wakikuyu, Wakisii, Wanandi, Wapokot na wengineo. Wasabaoti na Wasengwer, waliokuwa na madai ya kale zaidi, mara nyingi hawakuwa na fedha za kununua.

Malalamiko hayo yalichochea machungu yaliyofuata. Ghasia za 1991 na 1992, wakati vyama vingi viliporejea, ziliwafukuza maelfu kutoka mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wakimbizi wa ndani walijaa uwanja wa maonyesho wa Kitale na kambi ya Endebess. Upande wa Bungoma, mgogoro wa ugawaji wa skimu ya Chebyuk, iliyoanzishwa mwaka 1971, ulizaa kundi la wapiganaji wa Kisabaoti, SLDF, kwenye Mlima Elgon. Mamia ya raia waliuawa kati ya 2006 na 2008, kwanza na kundi hilo, na wengine wakateswa na kupotezwa katika operesheni ya kijeshi iliyoanza Machi 2008. Hakuna maelezo ya wakazi wa eneo hili yatakayokuwa kamili bila kuwataja waliopoteza jamaa na mashamba katika miaka hiyo.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 106,187 mjini Kitale, na ile ya 2019 ikahesabu 162,174, ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho Kaunti ya Trans Nzoia yote iliongezeka kutoka watu 818,757 hadi 990,341, takriban asilimia 21. Mji basi ulikua zaidi ya mara mbili ya kasi ya kaunti. Sababu kubwa ni mashamba yenyewe: ekari tano alizonunua babu zikigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hazitoshi tena, na vijana huhamia mjini kutafuta kazi ya boda boda, jua kali, ujenzi au biashara ya sokoni.

Bungoma inatoa picha tofauti. Kaunti yake ilikuwa na watu 1,670,570 mwaka 2019, wastani wa zaidi ya 550 kwa kilomita moja ya mraba, ikilinganishwa na takriban 400 katika Trans Nzoia. Lakini mji wa Bungoma ulikuwa na watu 68,031 tu. Maisha ya mjini huko yamesambaa: Webuye ilikua na kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills na kudhoofika kilipofungwa mwaka 2009, Chwele ina soko kubwa la mazao, Kimilili na Malakisi ni vituo vya zamani vya biashara, na kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliwavuta wakulima wa miwa. Bungoma pia imepata Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015.

Ndani ya Kitale, makundi ya wakazi husomeka kwa mitaa. Matisi na Tuwani zina msongamano mkubwa wa wapangaji. Kipsongo imekuwa makao ya Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo kaskazini, nao ni miongoni mwa wakazi maskini kabisa wa mji. Kibukusu ndiyo lugha ya mama isikikayo zaidi, lakini sokoni na kwenye stendi ya matatu watu hukutana kwa Kiswahili. Mwezi Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu huunganisha Kitale na Bungoma, kwa kuwa koo zilizohamia Trans Nzoia huendelea kufuata kalenda ya nyumbani.

Utamaduni na elimu vina taasisi zake. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu, alifungua jumba lake la makumbusho mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyiko huo, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa mjini. Mwaka huohuo ilitengwa Mbuga ya Taifa ya Saiwa, ndogo kuliko zote Kenya, ili kumhifadhi nzohe, swala wa kinamasi. Shule ya St. Anthony's imewalea wachezaji wengi wa kandanda na hoki wa taifa.

Kiutawala, baraza la zamani la manispaa lilivunjwa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilidai watu 250,000 kwa manispaa, kiwango ambacho Kitale haikukifikia. Marekebisho ya 2019 yalikishusha hadi 50,000, kiwango ambacho Kitale na Bungoma zote zimekipita. Manispaa sasa huendeshwa na bodi chini ya serikali ya kaunti. Kazi zake kubwa ni maji taka, taka ngumu, masoko na barabara za mitaa iliyokua haraka kuliko mabomba yake.

Uchumi bado husimama juu ya shamba: mahindi, maziwa, mbegu, chai ya miinuko ya Cherangany, na maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Bei ya gunia na bei ya mbolea ndizo huamua kama maduka ya mji yatauza. Barabara ya kaskazini hupita Kapenguria na Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini, na ile ya magharibi hufika Uganda kupitia Suam, hivyo Kitale hulisha maeneo kame na kufanya biashara ya kuvuka mpaka. Kadiri mashamba yanavyozidi kugawanyika, nafasi ya mji itazidi kutegemea kusindika mazao hayo papo hapo na kumaliza madai ya ardhi ya jamii za kale kwa haki, ili wakazi waliokutanishwa na ardhi hiyo wasigawanywe nayo tena.