Muunganisho Huazimwa, Haukopwi

Mtafsiri mwenye haraka ataandika "bwawa la miunganisho" na kuendelea na kazi. Neno alilolikuta kwenye Kiingereza, "pool", lina maana ya bwawa, ni kweli, ila lina maana nyingine pia: mali ya pamoja ambayo mwenye haki huitwaa, akaitumia, akairudisha. Maana hiyo ya pili ndiyo inayotakiwa hapa, nami napendekeza bohari ya miunganisho.

Programu ya wavuti ikitaka kusoma au kuandika kwenye hifadhidata, shurti ifungue muunganisho: mawasiliano ya mtandao yaanzishwe, nenosiri lihakikiwe, kisha hifadhidata itenge kumbukumbu kwa ajili ya mgeni huyo. PostgreSQL huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho. Kuyarudia hayo kila mtu anapobofya ni gharama, hivyo programu hufungua miunganisho michache, ikaiweka tayari na kuigawa kwa zamu. HikariCP, bohari inayotumika sana katika Java, huishia miunganisho 10 usipoiagiza vinginevyo.

Kitenzi cha shughuli hii tunacho tayari. Fedha tunakopa, tukalipa noti nyingine za thamani ileile. Sufuria ya shughuli tunaazima, na sufuria ileile inangojewa na mwenye arusi ya wiki ijayo. Muunganisho ni wa kuazima. Ndani ya bohari, hata amri ya "funga" kwa kawaida haifungi kitu, inarudisha. Kwa hiyo "muunganisho usiofungwa" ni tafsiri inayopotosha, na "uvujaji" unapotosha zaidi, maana humtuma fundi kutafuta tundu kwenye hifadhidata. Hakuna kilichomwagika. Kuna aliyeazima akasahau. Tuseme muunganisho usiorudishwa.

Anayesahau mara nyingi ni msimbo ulioandikwa kwa matumaini: azima, uliza swali, soma majibu, rudisha. Swali likizua hitilafu, programu inaruka mstari wa mwisho na muunganisho unabaki mikononi mwa ombi lililokwisha kufa. Majaribio hayalioni hili, kwa kuwa wengi hatujaribu njia ya makosa. Kwa HikariCP iliyoachwa na mipangilio yake ya awali, baada ya hitilafu 10 za namna hiyo, ombi linalofuata linasubiri sekunde 30, kisha linakataliwa. Tovuti imeganda, lakini ukiikagua hifadhidata unaikuta imepumzika, kichakataji chake hakina kazi. Mtu anaizima programu na kuiwasha, mambo yanatengemaa, na kila mmoja anaamini tatizo limetatuliwa.

Dawa nyingine ya uongo ni kuongeza idadi. PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya awali hupokea miunganisho 100, MySQL 151. Seva nne za programu zenye bohari za 30 zinaweza kudai 120, na hapo PostgreSQL inaanza kufukuza hata wasio na kosa.

Dawa ya kweli ni kuufanya urudishaji usitegemee kumbukumbu ya mwandishi. Tangu toleo la 7, la mwaka 2011, Java inaruhusu kuazima ndani ya bloku ambayo hurudisha yenyewe, hitilafu itokee isitokee. Go ina amri ya kuahirisha, inayotekelezwa kazi ya msimbo inapokwisha. Ila huko angalia na majibu ya swali, kwani yasipofungwa huendelea kuushika muunganisho.

Kumpata mwazimaji si vigumu. Katika PostgreSQL, pg_stat_activity inaonyesha miunganisho iliyokaa kimya katikati ya muamala. HikariCP nayo ina kengele inayoandika ni mstari gani wa msimbo ulioazima na kupitisha muda uliopanga. Haimnyang'anyi mtu, inamtaja tu, na hilo naliona ni busara, kwani huenda mwazimaji yuko kwenye ripoti ndefu ya halali. Kengele hiyo huja ikiwa imezimwa. Iwashe, muda mfupi kabisa inaoukubali ni sekunde 2.